Difu Ndefu na Maziwa ya Suam

Tuwan, Kitale
Jumapili, baada ya ibada ya jioni

Dada yangu Wakesho,

Kabla ya salamu, nina tangazo. Aliyekaa asimame, mwenye kofia avue, na redio izimwe. Mimi Mwakio, kitinda mimba wa nyumba yetu, yule uliyekuwa ukimkimbilia na kitambaa kila alipoanguka na baiskeli ya katekista, nimefikisha kilomita mia moja na sitini kwa saa. Katika ukoo wetu mzima, tangu waliotembea kwa miguu mpaka waliopanda treni pale Voi, sijui mwingine aliyefika hapo. Tangazo limekwisha. Mnaweza kuketi.

Sasa habari zenu. Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Bado anaikataa ile fimbo kwa sababu ati fimbo ni ya wazee? Migomba iliyoangushwa na upepo mmeiinua? Mimi ni mzima, ila suruali zangu zote zimeamua kukaa chini ya tumbo badala ya juu yake, na mke wangu Nekesa hachoki kunikumbusha. Yeye pia ni mzima. Anakusalimu, na anaomba umwambie mama kwamba yeye hakuwemo ndani ya gari.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Ulisema: "Wewe Mwakio, wewe ni mtu mzima na mvi zako. Mama ameona picha ya mshale kwa simu ya watoto, sasa kila jioni anakuombea kama mtu aliyefungwa. Andika barua, kwa karatasi, nimsomee. Hiyo simu yako mama haiamini tena." Haya dada, karatasi ni hii. Soma polepole, na mahali pa kucheka umruhusu acheke.

Kwanza mama ajue hili: hiyo picha ni ya kweli, mshale kweli uko kwenye mia na sitini, na mimi kweli niko kwenye usukani. Lakini gari halikuwa barabarani. Lilikuwa gereji, limeinuliwa kwa jeki, magurudumu ya nyuma yakining'inia hewani. Nilifika mia na sitini bila kupita hata kuku. Simiyu, ndugu yake Nekesa ambaye ndiye fundi wangu, alipiga picha akairusha kwenye kundi la familia kabla sijashuka. Aliyoyaongeza hapo chini, eti "shemeji ameshika lami", hayo muulizeni yeye.

Ni kwa nini mtu mwenye akili zake akae kwenye gari lililoinuliwa na kukanyaga mafuta mpaka mwisho? Hapo ndipo habari yenyewe.

Unajua kazi yangu. Kila asubuhi naenda na pikapu hadi upande wa Suam, karibu na mpaka wa Uganda, nachukua maziwa ya akina mama wa kikundi kule mlimani, nayapeleka mpaka Bungoma, kwenye kituo cha kupoza maziwa upande wa Mabanga. Bungoma wananunua kwa bei nzuri kuliko Kitale, lakini ni mbali, na maziwa hayana subira. Basi mwezi huu, mara mbili, yule mpokeaji wa kituo, Barasa, alifungua mtungi, akanusa, akaufunga tena bila kusema neno. Dada, mtu akinusa hivyo akanyamaza, ni vibaya kuliko matusi. Maziwa ya kikundi kizima yalirudi mlimani yakiwa yamekatika.

Mwenyekiti wao ni Mama Chebet. Ni mwanamke mfupi, mpole, na upole wake unatisha. Aliniita kando akaniambia, "Baba, hatukugombezi. Lakini ya tatu utatusamehe. Tutatafuta mtu mwingine." Nikasema sawa mama. Niliporudi nyumbani chakula kilinishinda, na unajua chakula hakijawahi kunishinda. Sina kazi nyingine. Nikikosa hii, mimi na pikapu tutakuwa tunaangaliana tu hapa Tuwan.

Nikaenda kwa Simiyu. Gereji yake iko nyuma ya duka la spea la Bwana Jaswant, yule mzee Singasinga niliyewahi kukuambia anajua kila nati iliyowahi kuingia Kitale. Nikamwambia Simiyu, "Shemeji, nataka mbio. Gari hili likifika tisini na kitu linakwama hapo hapo kama mbuzi aliyefungwa."

"Mbio ya kupeleka wapi?"

"Ya kupeleka maziwa."

"Sawa. Tuanze na kifua, halafu tuangalie miguu."

Kifua ni injini. Aliniambia kwamba huku juu hewa ni nyepesi. Injini inavuta pumzi kama mtu aliyepanda kilima, inapata hewa kidogo, na kama kabureta inamimina petroli ile ile ya kule chini, inashiba mafuta na kukosa hewa. Ndiyo maana nilikuwa na moshi mweusi nyuma yangu kama jiko la kuni. Akaifungua kabureta, akapunguza petroli, akabadilisha plagi, akasogeza ule wakati wa cheche kidogo sana, kama mtu anayerekebisha saa ya mkono. Kisha akaiwasha. Dada, nilidhani imezimika. Niliweka mkono juu ya boneti ndipo nikajua inazunguka. Injini ile ile, chuma kile kile, na kwa kugeuzwa skrubu mbili tu imekuwa kiumbe kingine. Nilivua kofia. Simiyu akaniuliza kama nimeona jeneza linapita.

Lakini barabarani, mbio haikuongezeka sana. Kupanda, ndiyo, ilipanda vizuri. Tambarare, ilifika mia kasoro kidogo, ikaanza kulia.

"Hiyo si kifua tena," Simiyu akasema. "Hiyo ni miguu. Difu yako ni ya mlima."

Mweleze mama hivi. Difu ni ule mpira wa chuma ulio katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake kuna gia mbili zinazopokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye tairi. Simiyu aliinua gari, akashika ile shafti ndefu inayotoka mbele, akaizungusha kwa mkono. Ikazunguka mara nne na zaidi ndipo tairi likamaliza mzunguko mmoja. Halafu akanionyesha difu nyingine, aliyoitoa kwenye gari la abiria, ya kufanana kabisa kwa nje. Hiyo, shafti ilizunguka mara tatu na nusu tu, tairi limeshamaliza. Mama ataelewa haraka kuliko mimi. Yeye akipanda na mzigo wa majani ya ng'ombe anapiga hatua fupifupi, miguu mingi, hachoki. Akitembea Jumapili bila mzigo kwenye njia tambarare, anapiga hatua ndefu. Difu yangu ilikuwa ya hatua fupi. Nikitaka mbio, injini inakimbiza miguu mpaka pumzi inaisha. Ile nyingine ilikuwa ya hatua ndefu.

Nikasema niwekewe hiyo ndefu. Bwana Jaswant alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Mwakio, injini umeongeza?"

"Hapana Bwana Jaswant. Nimeisafisha tu."

"Basi nguvu ni ile ile, bana. Unachagua tu jinsi ya kuitumia. Kwa mbio ama kwa mzigo. Mungu hajaweka duka la kuuza zote mbili kwa bei ya moja."

Nikacheka. Nilicheka kwa sababu sikuelewa, na mtu asiyeelewa akicheka anaonekana kama ameelewa. Nimetumia mbinu hiyo maisha yangu yote.

Walipomaliza kuifunga, Simiyu akanipandisha kwenye gari hilo hilo likiwa bado juu ya jeki, akaweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele, akasema nipande gia moja moja asikie kama difu inalia. Moja, mbili, tatu. Nikafika ya tano. Nikakanyaga. Mshale ukapita mia kama hauoni. Ukapita mia na ishirini. Nyuma yangu magurudumu hayakuonekana tena kama magurudumu. Yalikuwa maduara mawili ya moshi wa kijivu, na upepo wake ulirusha matambara ya Simiyu mpaka ukutani. Hata wale waliokuwa wakigonga bodi ya lori upande wa pili walisimama na nyundo mkononi. Mia na arobaini. Mia na sitini. Na mimi nimekaa tuli, kikombe cha maji kwenye dashibodi hakimwagiki. Niliogopa, dada, lakini ni ule woga wa kanisani, siyo wa barabarani. Niliona jinsi nguvu kubwa inavyoweza kuwa karibu yako hivyo, chini ya kiatu chako cha kawaida chenye soli iliyoshonwa. Ndipo picha ikapigwa. Angalia vizuri uso wangu kwenye picha hiyo: sicheki, ingawa Simiyu anaapa nilicheka.

Kesho yake nikaenda Suam nikijiona mshindi. Akina mama huweka mitungi kwenye maji ya kijito tangu alfajiri ili maziwa yakae baridi, kwa hiyo gari lazima lishuke mpaka pale bondeni, lipakie, kisha lipande kilima kimoja kifupi lakini kikali mpaka barabara kubwa. Siku hiyo Mama Chebet alisema anakwenda nami mpaka Bungoma. "Nataka nione hiyo mbio kwa macho yangu," akasema. Tukapakia, tukapanda kile kilima, tukashika njia ya Kitale.

Tulipopita Kitale na kufika zile sehemu tambarare za Kiminini, nikamwambia, "Sasa mama, jishike." Nikaweka ya tano. Nikakanyaga.

Mshale ukafika tisini. Ukasimama. Halafu, dada, ukaanza kurudi. Themanini na tano. Themanini. Mguu wangu uko chini kabisa, umegusa chuma, na gari linapunguza mwendo. Pikipiki iliyobeba kochi la watu watatu ikatupita, na yule aliyekalia kochi akatupungia mkono.

Mama Chebet akaangalia mbele. "Hii ndiyo mia na sitini?"

"Inapasha moto, mama."

"Aya. Si ungeipasha moto nyumbani?"

Kwa hasira tu, na kidogo kwa kukata tamaa, nikarudisha gia ya nne. Ungedhani mtu amelipiga gari mjeledi. Mshale ukapanda. Tisini, tisini na tano, mia, mia na tano. Gia ndogo, na mbio kubwa! Niliangalia mkono wangu kwenye fimbo ya gia kama mkono wa mtu mwingine. Hapo ndipo maneno ya Bwana Jaswant yalipofungua mlango na kuingia. Pale gereji magurudumu hayakubeba kitu. Hayakusukuma upepo, hayakuvuta mitungi, hayakumbeba Mama Chebet wala tumbo langu. Barabarani upepo ni ukuta, na kadiri unavyokimbia ukuta unazidi kuwa mnene. Hatua ndefu bila nguvu ya kuisukuma ni mguu ulionyooshwa tu. Gari lina mbio yake mahali ambapo nguvu ya injini na uzito wa upepo vinakutana vikatoshana, na difu haiwezi kupasogeza mahali hapo kwa kutamani. Nilikuwa nimenunua gia ya tano ambayo injini yangu haiwezi kuivaa.

Nilimweleza Mama Chebet yote hayo mpaka tukafika Kamukuywa. Alisikiliza. Kisha akasema, "Kwa hivyo umelipa fundi akutolee gia moja." Nikasema ndiyo, kwa kifupi ni hivyo.

Kwa gia ya nne tulifika Bungoma. Na kadiri tulivyoshuka injini ilizidi kuchangamka, maana kule chini hewa ni nzito na kifua kinajaa. Hilo nalo lilinishangaza. Mtu huyo huyo wa asubuhi mlimani, mchana anaimba. Barasa akafungua mtungi wa kwanza. Akanusa. Akachota, akapima na vile vioo vyake. Mimi nilikuwa nikiangalia viatu vyangu.

"Leo iko sawa," akasema. "Namimina."

Akamimina yote. Basi hivyo ndivyo mwanao, mama, alivyookoa kazi yake kwa ujuzi wa gia. Usiwe na wasiwasi. Hakuna mia na sitini barabarani, haijakuwepo, na kwa pikapu hii haitakuwepo. Desemba nitakuja na nitaendesha polepole, na ukitaka utaketi mbele uuangalie huo mshale mwenyewe.

Nisalimie shemeji mkubwa, mumeo, mwambie kile kipimo cha hewa ya tairi alichoomba nimekipata. Wasalimie watoto, na huyo aliyemwonyesha mama simu umsalimie kwa kumvuta sikio. Msalimie mama mdogo wa Mwatate, katekista mwenye baiskeli kama bado yuko nayo, na jirani yetu wa juu mwenye mbwa wengi. Mama mwenyewe mshike mkono kwa niaba yangu mpaka aseme inatosha.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mvi na tumbo,
Mwakio

Wakesho, nimefungua bahasha tena. Nekesa alisoma barua kabla haijafungwa sawasawa, akaishikilia kifuani, akasema haiendi posta.

"Kilima kiko wapi?" akaniuliza.

"Nimekiandika. Nimesema tukapanda kile kilima."

"Tukapanda. Nani?"

Ndugu yake alishamwambia, naye aliambiwa na mtu wa Suam, na hapa Kitale kuna watu wananisalimu kwa kutembea kinyumenyume. Basi nikueleze ilivyokuwa, na mama asomewe pia.

Pale kijitoni, na mitungi yote imepakiwa, niliweka gia ya kwanza na kuanza kupanda. Difu ilikuwa ile ya hatua ndefu. Gari likaenda mwendo wa nyumba tatu, likatetemeka, likazima. Nikajaribu tena, likazima. Mara ya tatu klachi ikaanza kunuka na nikaogopa. Jua lilikuwa linapanda, mitungi imeshatoka kwenye maji, na hii ndiyo ilikuwa ile ya tatu niliyoonywa. Akina mama walikuwa wamesimama pembeni. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nikamwambia Mama Chebet ukweli: gari limekuwa jepesi la kukimbia, mlima limeukataa. Kuna gia moja tu iliyobaki yenye hatua fupi kuliko ya kwanza, nayo ni ya kurudi nyuma.

Akanitazama. "Itapanda na mzigo?"

"Hapana mama. Tupu, labda."

Alishika sikio la mtungi mkubwa, mwenzake akashika la upande mwingine, wakaanza kupanda. Wengine wakafuata. Mitungi midogo ilikwenda kichwani, mikubwa wawili wawili, wakapokezana bila mtu kuambiwa. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye umri wa mama yetu. Alibeba vifuniko na kamba. Mimi nililigeuza gari, nikalielekeza mkia juu, nikapanda kinyumenyume nyuma yao, shingo imejipinda, nikiona visigino vyao tu na maziwa yakipanda mbele yangu. Hatua fupifupi. Hakuna hata mmoja aliyesimama kupumua. Nimeona magurudumu yakigeuka moshi kwa mbio, dada, lakini sijawahi kuona nguvu kama ile.

Juu barabarani wakapakia upya. Ndipo sasa wakacheka, mpaka wengine wakaketi chini. "Dereva, umetuonyesha mgongo mzuri!" "Ati mia na sitini! Ya kurudi ama ya kwenda?" Nikacheka nao, na safari hii nilikuwa nimeelewa.

Ni wao waliofikisha maziwa. Mimi nilimalizia tu. Kule Bungoma, Barasa alipokwisha kumimina, Mama Chebet alisubiri nifunge mitungi mitupu, akaniambia kwa ule upole wake: "Kazi ni yako, baba. Ungetudanganya pale chini, tungekutafutia mwingine. Lakini toa hiyo kitu ya mbio. Na uwe unafika mapema kwa saa moja, hiyo haihitaji fundi."

Jana Simiyu alirudisha difu ya zamani. Leo alfajiri, kabla ya ibada, nilipakia kijitoni nikaweka gia ya kwanza. Akina mama walikuwa wamejipanga pande zote mbili za njia, wamekunja mikono, wakiangalia. Gari likapanda na mzigo wote, polepole, halikutetemeka, na mimi nikiwa nimetazama mbele.